Soda ya chupa au ya plastiki: ipi inasafiri kwa nafuu?

Nyanyua kreti ya soda za chupa 24 za mililita 300 kabla haijafunguliwa. Ndani mna soda lita 7.2, yaani kilo saba na ushee, lakini vioo vyenyewe vinazidi kilo 8. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Sumbawanga limebeba kioo kingi kuliko kinywaji, na dizeli yake tunailipa sisi wanywaji.

Chupa ya plastiki ya nusu lita ina uzito wa gramu 25 hivi. Dazeni moja, ukiondoa soda, haifiki hata nusu kilo. Kwa hiyo lori lilelile linapakia kinywaji kingi zaidi. Likishashusha, halidaiwi kurudi na kreti tupu: linaweza kupakia mahindi au mchele, na hapo ndipo nauli ya mzigo inapogawanyika.

Ila kioo nacho kina hesabu yake. Chupa moja huoshwa na kujazwa tena mara nyingi, mara 20 na zaidi ikitunzwa, kwa hiyo gharama ya kuitengeneza inasambaa. Plastiki hununuliwa upya kila safari, kisha inaishia mtaroni.

Kwangu mimi, kiwanda kikiwa jirani na gari likizunguka madukani kila siku, chupa inashinda. Mama mwenye duka anatoa kreti tupu, anapewa iliyojaa, basi. Mzigo ukivuka kilomita mia kadhaa, plastiki ndiyo nafuu, mradi kuwe na mtu anayelipwa kuzikusanya.