TAHADHARI: "7A ya Japani" zinazouzwa huku Nyanda za Juu, nyingine ni 5A iliyopakwa rangi

Wakuu, hasa mlioko Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa mnaotafuta injini ya magari ya Toyota: Carina Ti, Spacio ya zamani au Corolla 110. Kuna injini zinazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa maneno yale yale: "7A-FE, imetoka Japani, haijafunguliwa, kilomita elfu sitini." Picha zinapendeza. Kinachofika ni 5A-FE, injini ndogo zaidi, iliyong'olewa kwenye gari la hapa hapa, ikaoshwa, ikapuliziwa rangi ya silva na kujazwa oili nzito ili isigonge wala kutoa moshi kwa siku mbili tatu. Muuzaji hana duka. Anataka nusu ya hela kwa simu, mzigo uje na basi.

Hizo kilomita elfu sitini zipuuzeni kabisa. Kilomita huhesabiwa kwenye dashibodi, na dashibodi haikuja na injini. Carina Ti na Spacio ya kwanza zilikoma kuundwa 2001, kwa hiyo hata iliyotunzwa vizuri ni kuukuu.

7A inatajwa kwa sababu ndiyo kubwa zaidi, na kila anayepanda mlima wa Kitonga au Iwambi na gari limejaa anaitamani. Kwa nje ndugu hawa watatu, 4A, 5A na 7A, wanafanana mno: bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, kamshafti mbili, valvu 16, taiming belti. Tofauti iko ndani. 5A ni cc 1498, silinda ina upana wa mm 78.7. 4A ni cc 1587, upana mm 81. Kwa zote mbili pistoni inatembea mm 77. 7A ni cc 1762, upana ni ule ule 81 lakini pistoni inatembea mm 85.5. Hapo ndipo pa kumkamatia.

Anza na namba. Imegongwa kwenye bloku upande wa giaboksi, na mwanzo wake ni 4A, 5A au 7A. Futa rangi kwa thina uione. Ukikuta pamepitishwa grainda, ondoka, maana namba hiyo ndiyo inayotakiwa kuingia kwenye kadi ya gari, na injini isiyo na namba huenda ni ya wizi. Namba ipo lakini ina wasiwasi? Toa plagi ya silinda ya kwanza, ile ya upande wa belti, ingiza kijiti kirefu chembamba kiguse pistoni, kisha zungusha krenki kwa spana polepole, usitumie stata. Weka alama kwenye kijiti pistoni ikiwa chini kabisa na ikiwa juu kabisa, pima kwa rula. Ukipata 77 au karibu yake, hiyo si 7A hata aape. Tofauti ya milimita nane na nusu inaonekana kwa macho. Kutenganisha 4A na 5A kwa kijiti haiwezekani, hapo tegemea namba.

Sasa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unaopimwa kwa mita ya psi, ambako watu wengi wanapigwa. Kitabu cha Toyota kinasema psi 191 kwa injini isiyo na ubovu, isishuke chini ya 142, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Muuzaji atapima mbele yako, mita isome 115, akwambie "huku ni juu, hewa ni nyepesi." Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na ubovu huku inasoma takriban 155, na ile ya mwisho kabisa kukubalika inaangukia kwenye 115 hiyo hiyo. Yaani anakuuzia injini iliyofika ukingoni kwa kisingizio cha mlima. Na kupishana kwa silinda hakuna cha mwinuko: tatu zikisoma 150 na moja 110, hewa ya Mbeya haikuchagua silinda moja.

Kinyume chake pia kipo. Mita ikisoma 190 Mbeya, usishangilie. Mara nyingi oili imemiminwa ndani ya silinda ili ringi za pistoni zilizochoka zizibe kwa muda. Kabla ya kufunga mita, toa plagi zote nne, piga stata sekunde chache huku umeweka kitambaa cheupe juu ya matundu. Ikiruka oili, umemjua. Akikutumia video, muulize alipimia wapi. 155 iliyopimwa Dar si sawa na 155 ya Mbeya.

Upimaji wenyewe: plagi zote nje, umeme wa distributa umekatwa, trotoo (mlango wa hewa) imefunguliwa yote, betri iliyojaa. Silinda ikisoma chini, tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikisoma chini pamoja, huenda gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Kingine: ukiuliza kwa nini hedi ya 4A-FE imefunguliwa, ukajibiwa "belti ilikatika ikapinda valvu", elewa kuwa 4A-FE ya kawaida haipindi valvu belti ikikatika. Huenda hedi hiyo ilifunguliwa kwa sababu injini ilichemka. Chungulia kifuniko cha oili kwa ndani. Ute wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji kuchanganyika na oili.

Mkikubaliana, msilipe kabla ya kuisikia ikiwashwa ikiwa baridi. Shika bloku kwanza, ikiwa ya moto ameshaiamsha. Risiti iandikwe namba ya injini na aina yake, si "injini moja", na garantii ihesabiwe tangu siku inapowaka kwenye gari lako, kwa sababu garantii ya wiki moja huisha injini ikiwa bado gereji sakafuni.