Masta ya michezo: ya tasnifu au ya vitendo?

Walimu wenzangu wa michezo hapa Moshi huwa wananiuliza tusome masta ipi. Ya tasnifu, yaani ya kuandika utafiti mrefu, inakupa kusoma tafiti, takwimu na kuandika, ukitaka kufundisha chuo pita huko. Ila ya vitendo ndo inanigusa, maana juzi nilikuwa uwanjani na watoto 70 na mipira miwili, mmoja anatembelea magongo kakaa chini ya mparachichi kashika viatu vya wenzie, na hapo takwimu haikuambii umwingizeje mchezoni, lazima ujue kubadili mchezo na kupima hatua ya kila mtoto sio kuwinda tu wa kupeleka UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, sasa kipindi cha dakika 40 nusu wamepanga foleni kusubiri mpira, wanapata ngapi jamani? Lakini ya tasnifu nayo msiidharau, bila kujua kupima utamwonyeshaje mkuu wa shule kwamba mbinu yako inasaidia? Mi nachagua ya vitendo, yenye utafiti mdogo unaofanyia kwenye darasa lako mwenyewe.