TP-Link Archer C6: uzoefu wangu na mipangilio ya mtandao wa ndani

Wengi huinunua ruta hii kwa kutazama antena. Mimi ninachokisifia ni ukurasa wake wa LAN, yaani mtandao wa ndani wa nyumba, kwa sababu malalamiko mengi ya "Wi-Fi imeshika lakini printa haionekani" huanzia hapo na huishia hapo. Antena nne za nje, mlango mmoja wa WAN (unakoingia waya wa intaneti) na minne ya LAN, yote ya gigabiti: hayo yameandikwa kwenye boksi.

Kuingia ni rahisi. Chomeka waya kutoka kompyuta hadi mlango wowote wa LAN, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au tplinkwifi.net. Mara ya kwanza itakutaka utunge nenosiri la msimamizi. Hilo si la Wi-Fi, na usilifananishe nalo, maana la Wi-Fi utampa kila mgeni. Ukitumia simu, zima data ya laini kwanza. Simu ikiona Wi-Fi bado haina intaneti hukimbilia bando, na ombi lililopita kwenye bando halifiki kwenye ruta iliyo mezani kwako.

Nenda "Advanced", kisha "Network", kisha "LAN". Menyu hutofautiana kidogo toleo kwa toleo. Toleo lako limeandikwa kwenye stika ya chini. Kitu cha kwanza ninachobadilisha ni anwani (IP, namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) ya ruta yenyewe: naitoa 192.168.0.1 naiweka 192.168.50.1, huku subnet mask (inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja) ikibaki 255.255.255.0. Ruta ya nyumbani mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha faiba au modemu ya 4G, na hicho nacho kinagawa anwani zake. Vyote viwili vikitumia 192.168.0.x, ruta haijui pakiti (kipande cha data) iendayo 192.168.0.1 itoke nje au ibaki ndani, na intaneti haipiti hata kama taa zote zinawaka. Visanduku vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1, vya ZTE mara nyingi 192.168.1.1. Hamsini iko mbali na vyote.

Ukibonyeza "Save" ukurasa utakata. Hujaharibu kitu. Kompyuta bado imeshikilia anwani ya zamani; chomoa waya na uuchomeke tena, au kwenye Windows andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew, kisha fungua 192.168.50.1.

Sasa DHCP, yaani kile kinachogawia vifaa anwani. Kundi la anwani zinazogawiwa huanzia 100 (yaani namba ya mwisho, 192.168.50.100), na muda wa kifaa kukodishiwa anwani ni dakika 120. Mimi huliacha lianzie hapo na kuishia 199. Kuanzia 2 hadi 99 ni za vifaa ninavyoviandikia anwani kwa mkono, na mpaka huo siuvuki. Ukikipa kifaa 192.168.50.120 kwa mkono ilhali ruta nayo inaigawa 120 kwa simu ya mtu, vifaa viwili vitagombania anwani moja: leo kamera inakatika, kesho simu.

Penye umeme wa kukatika-katika, "Address Reservation" ndiyo sehemu ninayoitumia kuliko zote. Ruta ikizimika husahau ilimpa nani anwani gani. Umeme ukirudi vifaa vyote vinaamka kwa pamoja, simu huwahi, printa huchelewa kuwaka, na ile 192.168.50.104 iliyokuwa ya printa inakuta imechukuliwa. Kompyuta inaendelea kutuma kurasa kwenye 104, ambayo sasa ni simu ya mtu, na printa inatajwa kuwa haipo. Watu huondoa printa kwenye kompyuta na kuiweka upya kila wiki kwa sababu hiyo tu. Dawa ni kuifungia anwani: chagua printa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa ili usikosee kuandika MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), ipe mathalani 192.168.50.110, hifadhi, kisha izime printa na kuiwasha. Fanya vivyo hivyo kwa mashine ya kurekodi kamera.

Kwa simu kuna mtego. Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huionyesha ruta MAC ya kubuni. Ukinakili ile ya kiwandani, anwani uliyoifungia haitatumika kamwe. Nakili inayoonekana kwenye orodha ya ruta, au zima MAC ya faragha kwa mtandao huo mmoja.

Kwenye ukurasa huohuo wa DHCP kuna nafasi mbili za DNS, yaani seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Penye watoto naweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, zinazozuia tovuti hasidi na za ngono. Usichanganye 1.1.1.3 na 8.8.8.8 ya Google kama akiba: kifaa kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na ya pili haizuii chochote.

Kama kisanduku cha faiba kinagawa anwani vizuri na unachotaka ni Wi-Fi ifike chumba cha nyuma tu, usijisumbue na hayo yote. Ingia "Operation Mode", chagua "Access Point", yaani ruta isambaze Wi-Fi tu. DHCP ya ruta inazimika yenyewe na nyumba nzima inabaki mtandao mmoja. Ruta ya zamani isiyo na chaguo hilo hugeuzwa kwa mkono: ipe anwani ya ukoo wa kisanduku, mfano 192.168.100.2 (hakikisha haijagawiwa kingine), zima DHCP, halafu waya utoke LAN ya kisanduku uingie LAN ya ruta, si WAN. Ukisahau kuzima DHCP kunakuwa na wagawaji wawili, na kila kifaa kinapokea anwani ya aliyewahi kujibu. Kifaa kikionyesha 169.254 mwanzoni mwa anwani, basi hakikujibiwa na yeyote. Kagua waya na DHCP kabla ya kumpigia fundi.

Upungufu ninaouona: mtandao wa wageni ni wa Wi-Fi peke yake, mgeni wa waya hana pa kutengwa. Kwa wageni wa Wi-Fi, usiweke tiki kwenye kisanduku cha kuwaruhusu kufikia mtandao wa ndani, ila ujue hawatachapisha kwenye printa yako.

Ukimaliza, pakua nakala ya mipangilio kwenye "Backup & Restore". Mtu akibonyeza kitufe cha kurudisha ruta kiwandani, hutaanza upya kufungia anwani moja moja.