Nimelipa hela ya ufundi mara mbili kwa kazi ileile

Jamani nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikisema ntapoa, sijapoa, kila nikipita kwenye tuta namuona yule fundi mkuu wa gereji iliyonifungia shokapu, kwenye kiti chake, mguu juu ya mguu, ananiambia "dada, mlio huo ni spea zako ulizoleta, siyo ufundi wetu." Hajaingia kwenye gari. Hajafungua boneti. Hata kushika tairi alitikise hajashika. Maneno yangu mawili tu kayasikia, hukumu ishatoka.

Ngoja nianze mwanzo maana naona naruka ruka.

Gari ilikuwa imechoka shokapu zote nne, ukikanyaga breki pua inazama, ukipiga kona inalala. Nikaamua nisirudishie za kiwandani, nikachukua seti ya kampuni nyingine, ngumu kidogo, na springi zake mpya. Kwenye spea nilikuwa makini sana, nimelinganisha, nimeuliza watu, nimesoma usiku kucha. Kwenye ufundi sikuuliza chochote zaidi ya "shilingi ngapi", nikatajiwa kwenye simu, nikasema sawa nakuja. Na huko ndo hela yangu ilikoenda.

Nafika, nasubiri, baada ya muda naitwa. Gari iko juu, matairi yote chini sakafuni, ndo naambiwa ile bei ya kwenye simu ilikuwa kama spea wananunua wao, kwa sababu nimeleta zangu basi ufundi unapanda karibu nusu yake tena. Sasa kwenye hili sitaki kumuonea mtu. Gereji ikikununulia spea inaweka cha juu, na spea ikifa mapema wao ndo wanahangaika kuirudisha, ukija na zako hicho cha juu hawakipati na wengi hawakupi dhamana yoyote ya ufundi. Sawa, naelewa kabisa. Lakini hayo maneno yana wakati wake, wakati wake ni kwenye simu, kabla sijaleta gari. Mtu ambaye gari yake iko hewani haina tairi atabishana na nani? Nikakubali.

Halafu nikauliza swali ambalo hadi leo nafurahi kwamba niliuliza. Nikasema fundi, zile mauntingi za juu, vile vikalio vya raba vinavyoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi, na beringi zake, nikalete mpya? Akasema "za zamani ziko poa, usipoteze hela." Nikamwamini. Hakuwa hata amezitoa, angejuaje kama ziko poa?

Kwa wasiojua kazi yenyewe ilivyo, maana hapa ndo kuna kiini cha ugomvi wangu. Mbele kwenye gari nyingi shokapu imesimama ndani ya springi. Unatoa tairi, unafungua mpira wa breki na waya wa ABS (ile ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) pale zilipobanwa, unatoa linki ya stabilaiza (kifimbo kinachoshikana na ile nondo inayozuia gari isilale kwenye kona), unafungua zile bolti mbili nene za chini, halafu zile nati ndogo za juu ndani ya boneti, mzigo wote unatoka. Hapo bado. Springi inabidi ibanwe kwa kifaa chake, taratibu, pande zote sawasawa, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu, siyo utani. Ikishabanwa vizuri ndo unafungua nati ya katikati, unatoa mauntingi, unahamishia kwenye shokapu mpya, unarudisha yote. Fundi mzoefu kama bolti hazijashika kutu pande mbili za mbele zinamla saa 3 mpaka 4. Nyuma, kama shokapu imesimama peke yake na springi iko pembeni, ni bolti ya juu na ya chini, saa 1 inatosha, ukikuta kutu ongeza na moto na uvumilivu.

Sasa angalieni hesabu. Mauntingi ni kitu kidogo, ukilinganisha na shokapu bei yake ni ndogo mno. Ila kuibadilisha peke yake siku nyingine unarudia kazi yote hiyo niliyoitaja, tairi, bolti, springi, yote. Ufundi uleule kamili! Ndo maana mtu akikwambia "za zamani ziko poa" ujue anakuachia deni la ufundi mwingine. Mauntingi, raba ya kuzuia shokapu isigonge mwisho, na ule mfuko wa kuzuia vumbi, hivyo vitu vinabadilishwa siku hiyohiyo kwa ufundi huohuo, haviongezi hata dakika.

Nikachukua gari jioni. Nilifurahi kweli, sitaki kusema uongo, ilikuwa imetulia kama gari nyingine. Nikalipa, nikashukuru, nikamuachia kijana aliyefanya kazi kitu kidogo maana alikuwa na adabu.

Haikupita muda mrefu. Mbele kushoto ikaanza ko, ko, ko, kwanza kwenye mashimo tu, baadaye hata kwenye lami nzuri ukikata usukani. Gari inavuta upande mmoja. Tairi la mbele linalika ndani. Nikakumbuka hata alaimenti, yaani kupima matairi yakae sawa, hawakupiga, nilipouliza siku ile niliambiwa haina haja, na gari nyingi zile bolti mbili za chini ndo zinashika mlalo wa tairi, ukishazifungua lazima upime upya. Nikarudi kwao nikiwa na risiti mkononi, natabasamu, nikijua ni kitu cha kukaza tu.

Ndo nikakutana na kile kiti.

"Ni spea zako." Nikamwambia fundi, naomba tu mtu aendeshe asikie. "Tukifungua tena ni ufundi mwingine, kufungua ni kufungua." Nikasema hata kama kosa ni la kufunga? Akageuka akaongea na mtu mwingine. Nimesimama pale nimeshika risiti kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Yule kijana aliyefanya kazi ananiangalia kwa mbali anainamisha kichwa. Nilichoumia ni ule mgongo zaidi ya hela, niamini, yaani mtu umemlipa kwa furaha leo anakupa mgongo.

Nikaondoka. Nikapeleka kwa fundi mwingine, niliambiwa ni ghali, na ni ghali kweli, anatoza kwa saa. Kabla ya kushika spana akaniuliza mauntingi zilibadilishwa? Swali la kwanza kabisa! Nikasema hapana. Akatikisa kichwa tu. Akasema atafungua mbele yangu na muda anauandika.

Kilichotoka nimekipiga picha. Kwanza nati ya katikati haijakazwa ikafika. Mauntingi ya kushoto raba imeshachanika. Hizo mbili ndo ko ko yangu, nikasema haya basi tumemaliza. Akasema subiri, akavuta ule mfuko wa vumbi, akanionyesha ile fimbo ya shokapu, inayong'aa ile. Imeng'atwa. Alama za meno ya vaisi gripu, ile plaizi ya kujifunga, zimezunguka pande mbili, na mafuta yameshaanza kutambaa chini.

Akanielewesha. Ukifungua au kufunga nati ya katikati kwa gani ya upepo fimbo inazunguka pamoja na nati, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaishika kwa meno ya plaizi isizunguke. Wakati kwenye ncha ya fimbo pametengenezwa pa kushikia, tundu la aleni kii au pamekatwa bapa pa spana, unashika pale, unakaza kwa mkono, unamalizia kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Inachukua dakika 5 zaidi. Ile fimbo imepakwa kromu ngumu, laini kama kioo, kwa sababu inapita kwenye sili ya mpira, shokapu ikizama kwenye shimo kubwa zile alama za meno zinaingia kwenye sili kama msumeno, sili ikikatika mafuta yanatoka na gesi inaondoka, shokapu imekufa. Mpya! Haijamaliza hata matairi.

Dakika 5. Niliongezewa karibu nusu ya bei nzima ya ufundi halafu mtu akashindwa kunipa dakika 5.

Na dhamana ya shokapu imekufa hapohapo, muuzaji alipoona meno akasema hili ni la ufungaji, siyo la kiwanda, na siwezi kubisha, liko wazi. Na shokapu hazibadilishwi moja moja, ukiweka mpya kushoto na iliyotumika kulia gari inakuwa na tabia mbili, kwa hiyo nimenunua mbili za mbele, mauntingi mbili, beringi mbili. Juu yake ufundi mpya.

Kuna na kingine alikigundua, bushi za kontroo amu (raba za ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu) zilikazwa gari ikiwa hewani miguu inaning'inia. Bushi nyingi za raba zinatakiwa zikazwe gari ikiwa imekalia uzito wake, au unainua amu kwa jeki mpaka ifike pale, la sivyo ukishusha gari raba inabaki imejisokota muda wote inachanika kabla ya siku zake. Akazilegeza akazikaza upya, hilo hakulitoza.

Bili yake ilikuwa kubwa kuliko ya wale wa kwanza, hata baada ya nyongeza yao. Saa 5 pamoja na alaimenti, zimeandikwa moja moja, hii ya kushoto, hii ya kulia, hii ya kupima. Nililipa bila kufungua mdomo. Na hapo ndo nimejikuta nabadilisha maneno maana nilianza kuandika hii nikitaka kusema wale wa kwanza bei yao ni wizi. Hapana. Nikiangalia kazi ilivyo, springi inayoweza kuua, mgongo wa mtu chini ya fenda masaa yote yale, bei yao haikuwa wizi, pengine hata ilikuwa ndogo, na labda ndo maana kijana alikuwa anakimbizwa amalize gari tatu kwa siku. Kama angetajiwa saa 4 akapewa saa 4 sidhani angeng'ata fimbo. Shokapu za nyuma ni yeye alizifunga na hadi leo zimetulia, hazina mlio, hazivuji, fundi wa pili kazikagua akasema ziko safi. Kijana anajua kazi. Nikimkuta mahali pengine naweza kumpa gari.

Lakini kwenye ile gereji sirudi. Nilitaka kuandika "labda," nikafikiria kile kiti, hapana, sirudi.

Mnaotaka kufunga, mimi sasa nauliza hivi kwenye simu kabla ya yote: bei ni kwa kazi au kwa saa, nikileta spea zangu inabadilika kiasi gani, alaimenti imo au haimo, bolti ikikatika kwa kutu nani analipa, na ikianza kulia baada ya muda mnafungua bure muangalie au hamfungui. Hilo la mwisho sikiliza anavyolijibu, akianza kusema itategemea na spea zako, shukuru ukate simu.

Ile shokapu ya kushoto ninayo kwenye buti, nimeifunga na gazeti isichafue. Nitaipeleka niiweke mezani kwake, meno yakiwa juu. Sidai hela tena, nimeshachoka. Nataka ainuke kutoka kwenye kile kiti aiangalie.