TAHADHARI: Muuza spea za Datsun Z njia ya Pangani, msije mkaumia kama mimi

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki tatu nikiona haya kuliandika. Kila aliyeniuliza "ile Z imefikia wapi?" nilimjibu "fundi amesafiri". Fundi hajasafiri popote. Nimepigwa. Nimepigwa 4,800,000, ongeza na 350,000 ya lori, na nimepigwa nikiwa macho, nimesimama kwa miguu yangu, futi ikiwa mfukoni.

Gari mnalijua, ni lile la Mzee, Datsun 240Z ya 1972, gari la michezo la viti viwili, namba ya chesisi inaanza na HS30. Lilivyofika Arusha ni habari ndefu, na wengi wenu mlikuwepo siku tulipolivuta. Kwa ufupi, sakafu upande wa dereva ilikuwa imekwisha kabisa. Ukiinua kapeti unawaona kuku wakipita chini. Pale chini ya betri bati lilikuwa linamong'onyoka kama ukoko, vizingiti vya milango ndiyo usiseme, na kishimo cha tairi la spea kilikuwa kimebaki ukingo tu. Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited akaniambia bila kuzunguka: "Bosi, mimi siungi kutu kwa kutu. Tafuta bati la Z nyingine, hata kama ni ya mwaka mwingine, mimi nitaoanisha."

Ndivyo nilivyomfikia huyu mtu.

Najua mtaniuliza, ulimwaminije? Nilimwamini kwa sababu anayajua haya magari kuliko mimi, na hilo silifuti hata leo. Simu ya kwanza kabisa, kabla hata hatujataja bei, aliniuliza gari langu ni la mwanzo au la baadaye, maana zile za kwanza difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ilikaa mbele kidogo, na mwaka 1971 wakaisogeza nyuma. Akanionya nisidanganywe na mtu anayeuza dashibodi ya 280Z, kwa sababu 280 ilitengenezwa kwa soko la Marekani na Kanada, usukani kushoto. Akanieleza kwamba injini za Z, yaani L24, L26 na L28, ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana kuna watu wanatoa krenki ya L28 wanaitia kwenye bloku ya 24. Yote hayo ni kweli. Niliyahakiki moja moja, nikakuta kweli. Kweli tisa zikishaingia ndani, uongo wa kumi haubishi hodi.

Halafu akanigusa pale penyewe. "Kaka mkubwa, hizi ndizo zilizochukua Safari Rally 1971, dereva Herrmann wa kwanza, Mehta wa pili, wote na 240Z. Mehta akarudi akaichukua mwenyewe 1973." Marehemu baba alisimama kando ya barabara miaka hiyo akala vumbi la hayo magari, na hadithi hiyo nimelishwa tangu mtoto. Mtu akikutajia Mehta kwa sauti ile unaona umeshampata wa nyumbani. Mzigo wenyewe alisema ni sakafu nzima na sehemu ya nyuma, milango miwili na injini L24, vyote vya gari moja lililotoka Laikipia, bara kule Kenya, mbali na bahari, kwa mkulima wa Kizungu. "Halijawahi kuonja chumvi, kaka." Maneno yake hayo.

Nikapanda basi hadi Tanga. Nimefika saa tisa alasiri. Tulikubaliana saa kumi. Kaja saa kumi na mbili kasoro, pikipiki, mtoto mdogo kampakia mbele. "Samahani sana, mtoto aliamka na homa." Nikamshika mtoto kichwani, nikampa pole. Mtoto hakuwa na homa yoyote, nilimgusa kwa mkono wangu huu, na bado nikasema pole.

Tunafika kwake giza linaingia, na umeme hakuna. Hilo la umeme simlaumu. Lakini tochi ya simu alishika yeye, na mimi nikawa natazama anapomulika yeye. Sakafu alishaifunga kwa magunia na kamba, "isikwaruzike njiani". Injini ilikuwa juu ya matairi mawili, imesuguliwa inang'aa. Akamulika namba, nikasoma L24, roho ikatulia. Milango ilikuwa imelazwa kwenye turubai, upande wa nje ukiwa juu. Akainama akagonga juu ya kitasa kwa vifundo vya vidole, ngo, ngo. "Sikia bati la Kijapani hilo." Na mimi nikainama nikagonga, ngo, ngo, palepale alipogonga yeye. Mtu mzima na ndevu zangu! Chini kwa sentimita ishirini tu kulikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia bati, nene kama chapati, lakini mimi nikagonga alipogonga mwalimu.

Sasa hapa ndipo panaponikosesha usingizi. Mfuko wa shati ulikuwa na karatasi ambayo fundi aliniandikia vipimo vya mlango. Mfuko wa suruali ulikuwa na futi. Nikaingiza mkono, nikaishika. Akaniona. Akacheka kwa upole, akasema, "Pima, kaka, pima, usione haya. Ila magharibi inaadhiniwa, acha nikaswali kwanza." Akaondoka na tochi. Nikabaki gizani na futi mkononi, nikajiona kama mwizi. Nitampimiaje mtu vitu vyake naye yuko kwenye swala? Nikairudisha mfukoni. Aliporudi ikaja chai ya tangawizi na samaki wa kukaanga, na baada ya chai ikaja simu: dereva wa lori anaondoka saa mbili, kama hatupakii sasa tungoje wiki ijayo. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke. "Ya shemeji, yangu imefika kiwango." Nikaweka namba ya siri. Kitu kikubwa namna ile kilinichukua muda wa kumeza funda moja la chai.

Mzigo umefika Arusha siku ya tatu. Fundi kabeba mlango, bawaba zikakaa, boliti zikauma vizuri kabisa, nikatabasamu nikampiga fundi begani. Kisha akausukuma ufunge. Ukapita nguzo ya nyuma ukaenda kulalia bodi, kama mtoto aliyevaa shati la kaka yake. Fundi akatoa kijiti mdomoni, akautazama, akautazama tena, akaniuliza taratibu: "Bosi, Z yako ni ya watu wangapi?"

Wawili. Na milango niliyouziwa ni ya 260Z ya viti vinne, zile 2+2 zilizoanza 1974, ambazo walizirefusha kati ya tairi la mbele na la nyuma kwa sentimita 30. Mbele zinafanana, ndiyo maana bawaba zinakubali. Milango yake ni mirefu, na paa lake ni jingine. Alijua. Mtu anayejua difu ilisogezwa mwaka gani hawezi kusema hajui mlango wa 2+2.

Sakafu ndiyo ilinitoa machozi, sioni haya kusema. Nayo ni ya 2+2, imekatwa katikati ikafupishwa, ikaungwa, mshono ukafichwa kwa lami nyeusi iliyopakwa nene. Fundi alikwangua kwa bisibisi, bisibisi ikazama mpaka mpini. Akainamisha kipande cha kizingiti, kukamwagika mchanga mweupe, na ndani yake kigamba kidogo cha kombe. Laikipia! Nimekihifadhi hicho kigamba kwenye kiberiti, siku ya mahakama nitakiweka mezani.

Injini tulifungua hedi. Kipenyo cha silinda milimita 78. L24 ni 83. Hiyo ni L20, lita mbili, ya gari la kawaida la familia. Kwa nje silinda sita ni zilezile, huwezi kujua. Namba ilipigwa msasa ikagongwa upya, na mchana ule "4" ilionekana imelala upande. Na najua atakavyojitetea, atasema Fairlady, yaani Z zilizouzwa Japani kwa jina hilo, zilitumia L20 hiyohiyo. Zilitumia, ndiyo. Mimi sikununua Fairlady ya Japani.

Nilipompigia alipokea mara moja tu. "Kaka, si nilikwambia pima?" Akakata. Sasa namba haipatikani.

Jalada nimefungua, RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo, jina lake na la huyo "shemeji" wanayo polisi, ndiyo maana siyaandiki hapa. Lakini mtu huyu asiishie kurudisha hela. Alale ndani. Akae ndani mpaka kutu imle yeye. Anamtumia mtoto wake, anaitumia swala, anayatumia majina ya watu waliolipigania gari lile kwenye matope, ili amuuzie mtu mabati ya pwani! Kuna mtu alinishauri nitume vijana wakamtembelee, nikakataa, lakini nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Viboko hadharani vingerudishwa kwa ajili ya watu wa aina hii tu.

Dalili, kwa kuwa mnaniuliza: anachelewa hadi jioni. Kilichofungwa hafungui. Malipo kwa jina la mtu mwingine. Picha ya bamba la chesisi aliyonitumia, nikiiangalia leo, ukuta wa injini ni wa rangi ya chungwa na mabati yangu yalikuwa ya bluu. Nendeni na sumaku, puti haishiki sumaku. Mengine nikikumbuka nitaongeza, kwa sasa kichwa kinauma. Mwenye kujua alipo huyu mtu anitumie ujumbe faragha, usiku au mchana.

Na kama kuna mwenye 260Z 2+2 ya kweli, milango miwili ninayo, wa kulia na wa kushoto. Puti ipo chini kuanzia kitasa, kutu ipo ukingoni, kioo cha kushoto hakipandi. Njoo mchana. Futi nitakupa mimi.