Twisheni ya itikadi, Ngamiani, Tanga: elfu mbili zangu haziniumi

Mimi fundi cherehani, nina miaka 41, na najiandaa kufanya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni Historia, hasa hizi itikadi: ubepari, ujamaa, ukomunisti, ufashisti. Nilikuwa nakariri tu. Jirani akanielekeza kwa mwalimu mstaafu anayefundisha Jumamosi jioni kwenye chumba cha uani, Sh 2,000 kwa kipindi.

Siku ya kwanza hakuanza na Karl Marx, mwanafalsafa wa ukomunisti. Aliuliza nani babu yake alikata mkonge. Nikanyoosha mkono: wangu alikuja manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akaishia shamba moja njia ya Muheza.

"Babu yako alikuwa anauza nini?"

"Mkonge."

Darasa likacheka. "Mkonge ni wa mwenye shamba, mama. Babu aliuza siku zake." Akachora ubaoni kipande, ile kadi ya kazi ya manamba: visanduku 30, kila siku ya kazi alama yake, mshahara mpaka vijae. Ndipo akasema Marx na mwenzake Engels mwaka 1848 waliandika habari za watu wa namna hiyo, ila wao waliwaona kwenye viwanda vya Ulaya. Nilivyomsimulia mama usiku ule, chai ikapoa mkononi mwake.

Kwenye ujamaa alieleza kuwa Nyerere, mwaka 1962, hakukubali kwamba lazima matabaka yapigane. Yeye alianzia kwenye ukoo, kila mtu afanye kazi na kila mtu ale. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana mmoja wa Chumbageni akadakia: sasa mbona 1973 kuhamia vijijini kukawa amri? Mwalimu hakumkemea. Alifuta ubao, akapiga mstari katikati: huku "walichosema", huku "walichofanya". Tangu siku hiyo kila itikadi tunaijaza hivyo, na daftari langu sasa lina mistari mingi kuliko kanzu ninazokata.

Ufashisti, kwa kweli, aliupitia kama anakimbia mvua. Mussolini kushika madaraka Italia 1922, Hitler Ujerumani 1933, tukafunga. Mimi nilitaka kujua watu waliwashangilia kwa nini, safu ya pili nikaijaza peke yangu.

Chumba hakina feni, na fotokopi zake hazisomeki. Wahini benchi la mbele mnakili ubaoni, na mje na chenji.