Koti la mvua la tabaka tatu kwa safari ndefu za miguu

Kwa mvua ya kutwa nzima, koti hili la tabaka tatu (kitambaa cha nje, utando usiopitisha maji katikati, na bitana ndani) linastahili gramu zake 400. Mishono yote imezibwa kwa utepe. Zipu za kwapani huruhusu joto la mwili litoke unapopanda mlima. Zifungue kabla jasho halijaanza, si baada. Udhaifu uko mabegani: mikanda ya begi husugua dawa ya kuzuia maji hadi iishe, kitambaa cha nje kinalowa, mvuke wa jasho unakosa pa kutokea, nawe unadhani koti linavuja. Halivuji! Lifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, lisuuze mara mbili, likaushe kwa joto dogo. Maji yakiendelea kutuama badala ya kuteleza, pulizia dawa mpya. Kofia ni pana mno, huziba macho ukigeuza kichwa.